Ndugu Yako Akiwa Gerezani: Kumtafuta, Kumwandikia, Kumtembelea

(MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA POLEPOLE, UNABAKI CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Leo tunaongea jambo ambalo kambini watu hulinong'ona tu. Kuna nyumba ambayo baba hayupo na watoto wameambiwa amekwenda kutafuta kazi. Kuna mama ambaye simu ya mwanawe imezimika tangu Jumatatu. Mtu wao amekamatwa, na walio nyumbani hawajui waanzie wapi.

MWENZAKE: Na wengi huanza kwa kunyamaza, dada.

MTANGAZAJI: Hunyamaza, kaka. Kwa aibu, au kwa hofu kwamba wakisema watakatwa posho. Tutafika kwenye posho. Lakini kwanza tumtafute mtu wetu, kwa sababu mtu aliye kizuizini akiwa hajulikani alipo, huwezi kumfanyia lolote. Huwezi kumpelekea barua, huwezi kumtafutia wakili, huwezi hata kumwombea dawa.

(MUZIKI UNAZIMA.)

MWENZAKE: Tuchukue mfano, tuuweke Kigali. Waliowahi kufika huko wanaijua njiapanda ya Sonatubes, wilaya ya Kicukiro. Jina hilo ni la kiwanda cha mabomba ya chuma. Barabara tatu hukutana pale: moja inatoka mjini kupitia Rwandex, nyingine inatoka Remera na upande wa uwanja wa ndege, na ya tatu inakwenda Kicukiro, Nyanza na kuendelea Bugesera. Vijana kutoka kambini hupita hapo wakitafuta kibarua cha ujenzi, wengine wakibeba mizigo, wengine wakiuza soksi na chaja za simu. Sasa tuseme kijana wako amekamatwa hapo Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi yuko wapi?

MTANGAZAJI: Hapo ndipo familia nyingi hupoteza nauli. Wakisikia "amekamatwa" wanakimbilia gereza. Lakini gereza huwa la mwisho, si la kwanza. Kwa kawaida mtu aliyekamatwa kwa tuhuma ya kosa hushikiliwa kwanza kwenye kasho ya kituo cha RIB, yaani ofisi ya upelelezi iliyoundwa mwaka 2017. Kwa hiyo aliyekamatwa Sonatubes anatafutwa kwanza kwenye vituo vya RIB vya Kicukiro, vilivyo karibu na pale alipochukuliwa. Sheria ya mashtaka ya jinai ya mwaka 2019 inampa mpelelezi siku 5. Baada ya hapo faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, kisha mbele ya jaji. Jaji akiamua abaki ndani wakati kesi inaandaliwa, amri hiyo ni ya siku 30, na inaweza kuongezwa. Ni baada ya amri ya jaji ndipo anapelekwa gerezani.

MWENZAKE: Kwa hiyo katika wiki mbili au tatu za kwanza anahamishwa.

MTANGAZAJI: Anahamishwa, na kila akihamishwa familia inaweza kumpoteza upya. Ndiyo maana tunasema siku za mwanzo ni za kukimbia, hata kama huna pesa ya kumpelekea. Mtu mmoja tu afike kituoni aulize, aandike tarehe na jina la kituo.

MWENZAKE: Na kuna mahali pengine ambapo watu husahau kuuliza. Kama alichukuliwa akiuza bidhaa barabarani, au kwa kuzurura bila kitambulisho, huenda hakupelekwa RIB hata kidogo. Huenda yuko kwenye kituo cha muda cha Gikondo, ambacho nacho kiko Kicukiro, si mbali na Rwandex. Kile si gereza, na wengi wanaopelekwa pale hawana kesi mahakamani. Ukimtafuta kwenye orodha za gereza hutamwona, utadhani amepotea, kumbe yuko mwendo wa nusu saa kutoka pale alipochukuliwa.

MTANGAZAJI: Na jambo moja zaidi la Kigali. Mzee anaweza kukuambia, "Nenda 1930." Hilo lilikuwa gereza la zamani la mjini, lililojengwa mwaka huo. Lilifungwa, na wafungwa wakahamishiwa Mageragere mwaka 2018. Gereza la Mageragere ndilo linaloitwa rasmi la Nyarugenge. Lile la Bugesera liko Rilima. La Rwamagana wengi hulijua kwa jina la Nsinda. La Ngoma ni la wanawake, la Nyagatare ni la vijana wenye umri mdogo. Tena siku hizi Kinyarwanda cha serikali hakisemi tena gereza, kinasema igororero. Ukiliona neno hilo kwenye bango, umefika.

(SAUTI YA KALAMU KWENYE KARATASI. SEKUNDE 3.)

MWENZAKE: Sasa jina. Hapa naomba Wakongomani mnisikilize vizuri. Kwetu mtu ana majina matatu: jina, jina la pili ambalo kwenye karatasi za Kifaransa huitwa post-nom, na jina la ubatizo. Kwenye karatasi za Rwanda mara nyingi yanaandikwa mawili. Polisi anaandika anachosikia. Kwenye kadi ya mkimbizi kuna tahajia moja, kituoni kuna nyingine, mahakamani ya tatu. Herufi L inakuwa R, majina yanabadilishana nafasi. Halafu wewe unafika getini unataja lile jina mnalomwita nyumbani, askari anaangalia orodha, anakuambia hayupo.

MTANGAZAJI: Na kweli kwenye orodha yake hayupo.

MWENZAKE: Kwa hiyo chukua karatasi moja. Andika majina yake yote, kwa kila namna yanavyoweza kuandikwa. Jina la baba, jina la mama. Mwaka na mahali alipozaliwa. Namba ya kadi ya mkimbizi na namba ya faili la familia. Siku aliyokamatwa, saa, na mahali. Ukishampata, ongeza jinsi *wao* walivyoliandika jina lake, na namba ya faili lake kama wanakupa. Karatasi hiyo usiitoe kwa mtu, toa nakala. Kila ofisi utakayoingia baada ya hapo itakuuliza maswali hayo hayo.

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye kunyamaza. Mama mmoja ametuuliza: "Nikiwaambia UNHCR kwamba mume wangu amefungwa, si nitakuwa nimemharibia?" Mama, tutakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hili linawagusa wengi.

Kuna kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu namna wafungwa wanavyopaswa kutunzwa. Zilirekebishwa mwaka 2015 na zikapewa jina la Nelson Mandela, ambaye alikaa kifungoni miaka 27. Kanuni ya 58 inasema mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake kwa vipindi vya kawaida, kwa barua na kwa kutembelewa. Kanuni ya 68 inasema ana haki ya kuijulisha familia yake mara moja kwamba amefungwa, na kila anapohamishwa. Na kanuni ya 62 inatutaja sisi wakimbizi. Raia wa kigeni akifungwa anaweza kuwasiliana na ubalozi wake. Mkimbizi hana ubalozi wa kukimbilia. Pengine huko ndiko alikokimbia. Kwa hiyo kanuni inasema aruhusiwe kuwasiliana na mamlaka ya kitaifa au ya kimataifa yenye kazi ya kumlinda.

MWENZAKE: Yaani UNHCR.

MTANGAZAJI: UNHCR. Lakini tusidanganyane: UNHCR haimtoi mtu gerezani. Kama ameiba, atajibu kuhusu wizi kama raia mwingine yeyote. Wanachofuatilia ni kwamba anatambuliwa kuwa ni mkimbizi, kesi yake inafuata sheria, na hapelekwi kwa nguvu kwenye nchi aliyoikimbia. Hilo la mwisho ni zito. Mkimbizi asiye na kadi mkononi, ambaye hakuna aliyemtaja popote, kwa macho ya askari ni mgeni asiye na karatasi tu.

MWENZAKE: Na posho?

MTANGAZAJI: Kaka, posho. Watu wanaficha ili jina lake lisitolewe kwenye hesabu ya nyumba. Naelewa, pesa ya mtu mmoja kwa mwezi si kidogo kwa nyumba yenye watoto watano. Lakini fikiria siku ya uhakiki. Kila mtu anaitwa aonekane, aweke alama ya kidole. Yeye hayupo, na hakuna aliyesema kwa nini. Asiyejitokeza anaweza kusimamishwa kwenye orodha kama mtu aliyeondoka. Akitoka gerezani baada ya mwaka mmoja anakuta hana kadi, hana nyumba, na kama familia ina faili la kupelekwa nchi ya tatu, faili limeendelea bila yeye, na kumrudisha ni kazi ngumu kuliko kumtoa. Ukisema mapema kwamba yuko kizuizini, jina lake linaandikwa na sababu yake. Kwa maoni yangu, kama ni kuchagua kati ya posho ya miezi michache na jina la mtu, chagua jina.

MWENZAKE: Aende kwa nani kambini?

MTANGAZAJI: Kwa afisa wa ulinzi wa UNHCR, au kwa shirika linalosaidia mambo ya sheria kambini, na aende yeye mwenyewe na ile karatasi. Nje ya kambi, kila wilaya ya Rwanda ina ofisi inayoitwa MAJ, nyumba ya kupata haki. Ushauri wa sheria pale hutolewa bure. Ziko wilaya 30, kwa hiyo ofisi ya karibu na gereza ndiyo inaweza kukufaa kuliko ya karibu na kambi.

(MUZIKI MFUPI.)

MWENZAKE: Tumempata. Tunajua yuko wapi, ofisi zinajua. Sasa, dada, kambi iko mbali na nauli hakuna. Tufanyeje?

MTANGAZAJI: Tunaandika. Na njia ya kuandika ambayo haihitaji pesa ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Wazee wetu wanaijua. Ni karatasi moja, upande mmoja unaandika wewe, na mwenzako anapewa nafasi ya kukujibu. Unaipeleka kwa wahudumu wa Msalaba Mwekundu kambini, na inapita mkono kwa mkono mpaka kwa mtu anayetajwa juu yake. Inavuka mipaka. Mama aliye Nyarugusu, Tanzania, anaweza kumwandikia mwanawe aliye Rilima, kwa sababu Msalaba Mwekundu wa Tanzania na wa Rwanda, pamoja na Kamati ya Kimataifa iliyoko Geneva, wanafanya kazi hii pamoja. Na kama hujui kabisa alipo, watu hao hao wanapokea ombi la kumtafuta mtu.

MWENZAKE: Njia hii ilijaribiwa katika nyakati mbaya kuliko hizi.

MTANGAZAJI: Ilijaribiwa hapa hapa. Sonatubes tuliyoitaja, tarehe 11 Aprili 1994, watu zaidi ya elfu mbili waliokuwa wamekimbilia shule ya ETO Kicukiro, na kuachwa na askari wa Umoja wa Mataifa, walisimamishwa kwenye njia ile wakapelekwa mlima wa Nyanza, na wengi mno wakauawa. Kumbukumbu yao iko pale Nyanza, kando ya barabara ile ile ya kwenda Bugesera. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi magereza ya nchi yalijaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliokuwa kizuizini walipita laki moja na elfu ishirini. Katika miaka hiyo hiyo familia zilikuwa zimetawanyika Kivu, Tanzania, Burundi. Watoto hawakujua wazazi wako wapi, wafungwa hawakujua kama wana watoto walio hai. Redio zilisoma majina usiku, na karatasi zile za Msalaba Mwekundu zilibeba maneno machache machache. Kwa wengi ndiyo ilikuwa habari ya kwanza baada ya miaka.

MWENZAKE: Tuseme basi nini kinaandikwa.

MTANGAZAJI: Ujumbe huu haufungwi kwenye bahasha. Wakuu wa gereza wanausoma, Msalaba Mwekundu wanausoma. Unabeba habari za familia tu. Usiandike siasa, usiandike habari za vita, usitaje mtu mwingine aliyehusika na kesi, na usiandike mafumbo. Fumbo ambalo wewe unaliona la kawaida, "ule mzigo tumeupeleka kwa mjomba," msomaji mwingine ataliona vingine. Na habari za kesi mwachie wakili.

MWENZAKE: Watu husema, kama siandiki hayo, nitaandika nini? Maisha ya kambi ni yale yale.

MTANGAZAJI: Hayo yale yale ndiyo anayoyataka! Mtu aliye ndani haoni watoto wakirefuka. Ngoja nisome mfano tulioutunga wenyewe hapa studio.

(ANASOMA POLEPOLE.)

"Mwanangu, sisi sote wazima. Nyanya amepona mguu, anatembea mpaka kisimani. Mdogo wako amefaulu kuingia darasa la tano, viatu vyako vimemwenea, amevichukua bila kuomba. Mvua imeng'oa turubali upande wa jikoni, jirani ametusaidia kulifunga. Ile mbegu ya lengalenga uliyoacha imeota nyuma ya nyumba. Nimewajulisha ofisi ya ulinzi habari zako tarehe 3. Umeandikwa. Nitakuandikia tena mwisho wa mwezi. Niambie kama kifua kimetulia. Mama yako."

MWENZAKE: Viatu vimemwenea!

MTANGAZAJI: Hiyo ndiyo barua. Na umeona, imetaja tarehe ya barua inayofuata. Barua fupi kila mwezi inamsaidia mfungwa kuliko barua ndefu mara moja kwa mwaka. Akijua mwisho wa mwezi kuna karatasi, ana siku ya kungojea. Lakini usiahidi usichoweza. "Nitakuja wiki ijayo," kisha huji, ni vibaya kuliko kutosema. Yeye hajui kwamba basi liliharibika. Anakaa anafikiri umekufa au umemchoka.

MWENZAKE: Na asiyejua kuandika?

MTANGAZAJI: Mhudumu wa Msalaba Mwekundu anaweza kumwandikia. Ila chagua wa kukuandikia. Usimpe kijana wa jirani ambaye kesho ataisimulia kwenye foleni ya maji.

(MUZIKI MFUPI.)

MWENZAKE: Tuje kwenye safari. Tuseme ni Rilima, gereza la Bugesera, na wewe unatoka Nyabiheke au Kiziba. Unaingia Kigali, kisha unachukua gari la kwenda Kicukiro. Hapo unapita Sonatubes, ile barabara ya tatu tuliyosema, mpaka stendi ya Nyanza ya Kicukiro. Angalia usichanganye: kuna Nyanza nyingine, mji wa kusini, na huko nako kuna gereza, la Mpanga. Watu wamewahi kupanda gari la Nyanza isiyo yao. Kutoka Nyanza ya Kicukiro unachukua gari la Nyamata, kama kilomita 30 kutoka Kigali, na kutoka Nyamata unaendelea Rilima. Kwa wengi wetu hiyo ni safari ya kulala njiani. Kwa hiyo kabla ya kutoka, fanya mambo mawili. Pata ruhusa ya kutoka kambini kama kambi yenu inaidai, na hakikisha kwa simu siku ya kutembelea ya gereza lile. Kila gereza lina siku zake na utaratibu wake, na hubadilika. Mwezi Machi 2020, corona ilipoingia, ziara zilisimamishwa nchi nzima, na kuna watu waliofika getini ndipo wakajua.

MTANGAZAJI: Beba kadi yako ya mkimbizi, siyo nakala. Mtoto unayekwenda naye awe na karatasi inayoonyesha ni wa nani. Utapekuliwa. Kanuni za Mandela zinasema upekuzi usimdhalilishe mtu, na upekuzi wa ndani ya mwili usifanywe kwa watoto. Ziara yenyewe ni fupi, tena kwenye kelele, watu wengi wanaongea kwa pamoja. Panga mambo matatu ya kusema. La kwanza liwe la watoto, maana ukianza na shida, muda unaisha kwenye shida.

MWENZAKE: Na umwandae mtoto kuhusu nguo.

MTANGAZAJI: Ee. Katika magereza ya Rwanda aliyehukumiwa huvaa rangi ya chungwa, na ambaye kesi yake haijaisha huvaa waridi. Mtoto aliyezoea kumwona baba na koti lake la kazi atashtuka kumwona na waridi na kichwa kimenyolewa. Mwambie nyumbani kabla. Na wewe mtu mzima, rangi hiyo inakueleza kitu: kama anavaa waridi bado, basi kesi haijakatwa, na wakili bado ana kazi.

MWENZAKE: Hapo umegusa lile la watoto kuambiwa baba amekwenda kazini.

MTANGAZAJI: Kaka, mimi sikubaliani nalo, ingawa najua wazazi wanafanya hivyo kwa huruma. Kambi ina masikio. Mtoto wa miaka minane atalisikia kwenye mpira, kwa mtoto mwingine, kwa matusi. Halafu atajua mambo mawili kwa siku moja: baba amefungwa, na mama ni mwongo. Mwambie kwa maneno mafupi yanayolingana na umri wake. "Baba yuko gerezani Rilima. Watu wanasema alifanya kosa, jaji ataamua. Yeye ni mzima. Tutamwandikia." Mpe kalamu achore kitu upande wa chini wa karatasi. Na usimwahidi tarehe ya kurudi.

MWENZAKE: Pesa?

MTANGAZAJI: Kumtembelea mfungwa hakuuzwi. Kila anayekuomba pesa ili akuingize, au ili "faili lisogee," anakuibia, na ukimpa unaweza kujitia wewe mwenyewe kwenye kesi ya rushwa. Stendi na mageti hazikosi watu hawa. Anakwambia anamfahamu mkubwa fulani, anataka utume kwa simu sasa hivi, anakukatia haraka. Ofisi haina haraka hiyo. Kama unataka kumwachia mtu wako pesa ya sabuni, uliza ofisi ya gereza njia iliyoruhusiwa, na udai stakabadhi. Chakula vilevile: uliza kwanza kinachoruhusiwa. Usipike ukapanda nacho basi tatu halafu kikarudishwa getini.

MWENZAKE: Na kama huna cha kumpelekea?

MTANGAZAJI: Nenda mikono mitupu. Kuna watu wameacha kwenda kwa sababu wanaona haya kufika bila mfuko. Yeye anajua unaishi kwa posho. Alikuwa anaila na wewe.

(KIMYA, SEKUNDE 2.)

MWENZAKE: Tumebakiwa na dakika chache. Kuna swali la bibi mmoja wa Kigeme. Binti yake amefungwa akiwa na mtoto anayenyonya.

MTANGAZAJI: Bibi, pole. Sheria ya Rwanda inaruhusu mtoto mdogo kukaa na mama yake gerezani mpaka afikishe miaka 3. Akitimiza, lazima atoke. Kwa hiyo hesabu kuanzia leo. Kama mjukuu ana mwaka mmoja na nusu, una mwaka mmoja na nusu wa kujiandaa. Mambo ni haya. Cheti cha kuzaliwa: kama alizaliwa ndani, hakikisha ameandikishwa, na UNHCR wamemwongeza kwenye faili la familia yenu, la sivyo atatoka akiwa mtoto asiye na kadi. Pili, nani atamlea? Binti yako ana neno katika hilo. Mwandikieni, mkubaliane kwa maandishi, muwajulishe wanaoshughulika na watoto kambini. Tatu, na hili watu hulisahau, mtoto huyo hakujui. Kwake wewe ni mgeni. Kama kuna njia yoyote ya kufika kumwona mara mbili tatu kabla ya siku ile, fika. Mtoto wa miaka 3 anayetolewa mikononi mwa mama yake akapewa mtu asiyewahi kumwona, analia wiki nzima, na mama ndani analia naye.

MWENZAKE: Na siku ya kutoka?

MTANGAZAJI: Mara nyingi anatoka getini bila nauli, bila simu, na namba zote alizozijua kichwani zimebadilika. Kwa hiyo katika kila barua, chini kabisa, andika namba moja ya simu ambayo haitabadilika: ya jirani, ya mchungaji, ya imamu, ya mwenye duka. Namba ile ile kila mara, mpaka aikariri. Atapewa karatasi ya kuachiliwa. Asiitupe, asiikunje mfukoni ikanyeshewa. Ndiyo atakayoionyesha njiani akiulizwa, na ndiyo atakayoipeleka ofisini kambini ili jina lake lirudi mahali pake. Aende ofisini wiki ile ile aliyofika.

MWENZAKE: Ndugu wasikilizaji, wenye maswali yapelekeni kwa viongozi wa vikundi vya kusikiliza kambini kwenu. Wakiandika, wasitaje jina la mfungwa hewani, sisi hatulisomi. Wiki ijayo, siku hii na saa hii, tutaongea kuhusu vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa njiani.

MTANGAZAJI: Na ile karatasi yenye majina, anza kuiandika leo. Kwaherini.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAPANDA.)